Kuongeza Viendeshi vya USB vya Bodi Pachikwa katika Kiini cha Linux: Maelezo ya Kiufundi na Mazingatio ya Sera kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Bodi pachikwa, yaani kompyuta ndogo zinazofungwa ndani ya mitambo, mita na vituo vya kupimia, zinazidi kutumika katika huduma za umma za Afrika Mashariki. Nyingi huendeshwa na kiini cha Linux na hutegemea USB kwa mawasiliano. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa cha USB kinavyotambuliwa na kiini, hatua za kuongeza kiendeshi ambacho hakimo, na njia ya kukiingiza kiendeshi hicho katika kiini rasmi. Mifano mikuu ni modemu za mtandao wa simu na bodi ya Raspberry Pi. Makala yanadai kwamba uamuzi wa kukiacha kiendeshi nje ya kiini rasmi, unaoonekana kuwa wa mafundi peke yao, huamua uhai wa mradi wa umma baada ya mfadhili kuondoka. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu ununuzi, mafunzo na nafasi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2020 maji ya mto Rusizi yaliingia Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, na kuwahamisha maelfu ya watu. Katika miaka iliyofuata, kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika kuliendelea kuusumbua mwambao huo. Hali ya namna hiyo huzusha hoja ya vituo vidogo vya kupima kina cha maji. Kituo kimoja huhitaji kihisi, bodi pachikwa, betri, paneli ya jua, na modemu ya USB yenye laini ya simu ili kutuma vipimo mjini. Gharama yake ni ndogo, na vipuri vyake hupatikana katika maduka ya kawaida ya vifaa vya kompyuta na simu.

Ugumu hujitokeza baadaye. Tuchukulie kwamba modemu ya kituo imeharibika na fundi amenunua nyingine dukani. Umbo ni lile lile, mtengenezaji ni yule yule, taa yake inawaka, lakini bodi haiioni kuwa modemu. Au kiini kimesasishwa ili kuziba ufa wa usalama, na tangu siku hiyo modemu iliyokuwa ikifanya kazi imenyamaza. Katika hali zote mbili kihisi kinaendelea kupima, ila vipimo haviondoki mtoni. Wanaovihitaji usiku wa mvua kubwa hawavipati.

Tafiti za teknolojia kwa Kiswahili zimejikita zaidi katika sura ya nje ya kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba menyu na maelekezo ya programu huria yanaweza kusomeka kwa Kiswahili. Makala haya yanashuka tabaka moja chini, kwenye kiini chenyewe.

2.0 Istilahi

Kiini ni programu ya msingi inayosimamia kichakataji, kumbukumbu na vifaa vyote, na ambayo kila programu nyingine huiomba huduma. Kiini cha Linux kilitangazwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na tangu 1992 kimekuwa chini ya leseni huria ya GPL. Kiendeshi ni sehemu ya kiini inayojua lugha ya kifaa fulani. Neno hili lina utata, kwa kuwa baadhi ya waandishi hulitumia pia kwa maana ya diski na vihifadhi data. Hapa linatumika kwa maana ya programu tu. Bodi pachikwa ni ubao wa saketi wenye kichakataji, kumbukumbu na milango ya vifaa, uliokusudiwa kufanya kazi maalumu. Kiraka ni badiliko la msimbo lililoandikwa kwa namna inayowezesha wengine kulikagua na kulipokea.

3.0 Jinsi kifaa cha USB kinavyotambuliwa

Viwango vya USB vilianza mwaka 1996 kwa kasi ya megabiti 1.5 na 12 kwa sekunde. Toleo la 2.0 la mwaka 2000 lilifikisha megabiti 480, na toleo la 3.0 la mwaka 2008 gigabiti 5. Kanuni ya msingi katika matoleo yote ni kwamba mazungumzo huongozwa na mwenyeji, yaani kompyuta au bodi. Kifaa hujibu kinapoulizwa.

Kifaa kinapochomekwa, mwenyeji hugundua badiliko la umeme kwenye nyaya, hukiweka katika hali ya mwanzo, kisha hukiuliza taarifa zake za utambulisho. Hukipa anwani, na katika njia moja ya USB anwani haziwezi kuzidi 127. Katika taarifa zinazorudishwa, mbili zina uzito wa pekee: namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kila moja ina biti 16 na kwa desturi huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Modemu za Huawei, kwa mfano, hujitambulisha kwa namba ya mtengenezaji 12d1.

Kifaa hueleza pia tabaka lake la kazi. Kibodi, kipanya na kihifadhi data vina matabaka yaliyosanifishwa, ndiyo maana kibodi iliyonunuliwa Kigoma hufanya kazi Bujumbura bila maandalizi. Modemu nyingi za mtandao wa simu hazimo katika utaratibu huo. Hujitangaza kuwa za tabaka la mtengenezaji mwenyewe, ambalo halimweleze mwenyeji chochote kuhusu namna ya kuzungumza nazo. Kiini basi hakina budi kuzijua kwa namba.

Ndani ya Linux kazi hii imegawanywa katika tabaka tatu. Chini kabisa kuna kiendeshi cha kidhibiti, kinachoongoza saketi ya USB iliyomo katika bodi. Katikati kuna sehemu ya pamoja inayotoa anwani, kusoma taarifa na kupeleka maombi. Juu kuna viendeshi vya vifaa, kila kimoja kikiwa na orodha ya namba au matabaka kinayoyahudumia. Kifaa kipya kikitambuliwa, sehemu ya pamoja huipitia orodha hiyo, na kiendeshi kinacholingana huitwa na kukabidhiwa kifaa. Ikiwa hakuna kinacholingana, kifaa hubaki kimesajiliwa bila mhudumu. Hiyo ndiyo hali ya modemu yenye taa inayowaka lakini isiyotuma kitu.

Mgawanyo huu unamsaidia fundi kuuliza swali sahihi. Ikiwa bodi haioni kifaa chochote cha USB, kasoro iko tabaka la chini. Ikiwa inakiona na kukisoma namba bila kukitumia, kasoro iko tabaka la juu. Sehemu mbili zinazofuata zinazichambua hali hizo.

4.0 Tabaka la juu: modemu isiyo na mhudumu

Modemu nyingi zilizouzwa na kampuni za simu katika ukanda wetu zina tabia ya kujigeuza. Zikichomekwa mara ya kwanza hujitangaza kuwa diski ya CD yenye programu ya Windows, ili mteja aisakinishe bila kutafuta diski nyingine. Programu hiyo ikishasakinishwa huitumia modemu amri maalumu, nayo huachana na umbo la diski na kurudi ikiwa modemu, yenye namba nyingine ya bidhaa. Namba 12d1:1446 ni ya umbo la diski kwa modemu kadhaa za Huawei. Baada ya kugeuka, baadhi hujitambulisha kwa 12d1:1001 na nyingine kwa 12d1:1506.

Katika bodi ya Linux iliyofungwa kando ya mto hakuna programu ya Windows ya kutoa amri hiyo. Kazi hii hufanywa na usb_modeswitch, programu huria ya Josua Dietze, inayofanya kazi nje ya kiini na kutunza kumbukumbu ya amri zinazofaa kwa kila aina. Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kusoma namba za kifaa kabla na baada ya kugeuka. Zisipobadilika, kiendeshi hakina kosa. Modemu bado inajidai kuwa diski.

Ikiwa imegeuka na bado haina mhudumu, ndipo kiini kinapohusika. Modemu za aina hii huhudumiwa na kiendeshi kiitwacho option, kilichomo katika faili la drivers/usb/serial/option.c. Jina lilitokana na kampuni ya Option, ambayo kadi zake ndizo zilizokuwa za kwanza kuhudumiwa. Leo faili hilo limekuwa daftari refu la modemu za watengenezaji wengi. Kuongeza modemu mpya mara nyingi ni kuongeza mstari mmoja wenye namba mbili.

Mstari huo unahitaji uangalifu. Modemu moja huwa na violesura kadhaa ndani yake: kimoja cha amri, kimoja cha uchunguzi, kimoja cha data ya mtandao, pengine na kisomaji cha kadi ya kumbukumbu. Kiendeshi cha option kinahusu violesura vya mfuatano tu. Kikikamata pia kiolesura cha mtandao, kiendeshi kingine kilichokusudiwa kwa kazi hiyo hukosa nafasi, na modemu hupokea amri bila kupitisha data. Kwa sababu hiyo mwandishi wa kiraka huonyesha violesura vya kuachwa, na wakaguzi humtaka aambatishe orodha kamili ya violesura vya kifaa chake.

Kabla ya kuandika kiraka, dhana inaweza kujaribiwa bila kuunda kiini upya. Katika saraka ya /sys/bus/usb-serial/drivers/option1 kuna faili la new_id. Namba mbili zikiandikwa humo, kiendeshi huzikubali papo hapo. Ruhusa hiyo hutoweka bodi inapozimwa, nayo haichagui violesura. Inafaa kwa jaribio la mezani, na ikifanywa kuwa suluhisho la kudumu huwa mzigo kwa kila atakayerithi kituo.

5.0 Tabaka la chini: bodi isiyoona kitu

Katika kompyuta za mezani, vidhibiti vya USB hufuata viwango vichache na hujitangaza vyenyewe kwa kiini. Katika bodi pachikwa, kidhibiti kimefungwa ndani ya kichakataji na hakijitangazi. Kiini kinahitaji kuambiwa kwamba kipo, kiko kwenye anwani gani ya kumbukumbu, kinatumia kikatizo kipi, saa ipi, na umeme unaotoka wapi. Maelezo hayo huandikwa katika faili la mti wa vifaa, ambalo hupewa kiini wakati bodi inapowaka. Utaratibu huu ulienea katika vichakataji vya ARM kuanzia mwaka 2011, baada ya Torvalds kulalamikia wingi wa msimbo uliorudiwa kwa kila bodi.

Kwa hiyo kuiongezea bodi mpya USB mara nyingi hakuhitaji kiendeshi kipya. Viwanda vingi hununua usanifu wa kidhibiti kutoka kampuni chache, na kiini tayari kina viendeshi vyake: dwc2 na dwc3 kwa usanifu wa Synopsys, musb kwa bodi kama BeagleBone, chipidea kwa vichakataji vya i.MX. Kilichobaki huwa ni kuandika tawi sahihi katika mti wa vifaa, pamoja na saketi ya mawimbi na kirekebishi cha umeme. Kosa la kawaida ni kusahau umeme. Kidhibiti huanza bila lawama yoyote, lakini mlango hauna volti, na kifaa kilichochomekwa hakionekani.

Hata mlango wenye volti una mpaka. Kwa kiwango cha USB 2.0, kifaa hakiruhusiwi kuvuta zaidi ya miliampia 100 kabla ya kusanidiwa, wala zaidi ya 500 baadaye. Modemu iliyo mbali na mnara hutumia nguvu nyingi inapotuma, na katika kituo cha nishati ya jua volti inaweza kuporomoka wakati huo huo. Modemu hujizima na kuwaka tena, na kumbukumbu za kiini hujaa taarifa za kifaa kuchomoka. Dalili hufanana na za kiendeshi kibovu, ilhali dawa ni kitovu cha USB chenye umeme wake.

Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, ni somo zuri la tabaka hili. Katika modeli ya kwanza ya B, hata mlango wa mtandao wa waya ulipitia USB. Kidhibiti chake ni cha Synopsys, na kilipozungumza na vifaa vya kasi ndogo kupitia kitovu cha kasi kubwa, kiliiachia programu ratiba ambayo vidhibiti vya kompyuta za mezani huisimamia vyenyewe. Ratiba hiyo huenda kwa vipindi vya mikrosekunde 125, hivyo kichakataji kingeweza kukatizwa mara 8,000 kwa sekunde. Kilipokuwa na shughuli nyingine kilichelewa, data ikapotea, na watumiaji wakaona kibodi ikirudia herufi au modemu ikikatika.

Wahandisi wa Raspberry Pi walikabili tatizo hilo katika kiendeshi kiitwacho dwc_otg, wakitumia aina ya kikatizo yenye kipaumbele cha juu. Kiendeshi hicho kilikuwa katika kiini chao wenyewe. Wakati huo huo Synopsys ilipeleka dwc2 kwenye kiini rasmi, kikaingizwa mwaka 2013 katika eneo la majaribio na kupandishwa mwaka 2014. Kwa muda mrefu, basi, bodi moja ilikuwa na viendeshi viwili vyenye sifa tofauti. Aliyetumia kiini cha Raspberry Pi na aliyetumia kiini rasmi hawakuwa na bodi ile ile kwa vitendo. Ripoti ya kiufundi isiyotaja kiini kilichotumika haiwezi kurudiwa na mtafiti mwingine.

6.0 Kutoka mezani hadi kiini rasmi

Kiendeshi kinachofanya kazi katika bodi moja kimefika nusu ya safari. Nusu ya pili ni kukiingiza katika kiini rasmi. Mwandishi huandaa kiraka kwa Git, hueleza kifaa na sababu ya badiliko, hukipitisha kwenye programu ya kukagua mtindo, kisha hukituma kwa barua pepe kwa wasimamizi wa sehemu husika. Sehemu nzima ya USB husimamiwa na Greg Kroah-Hartman, na ndani yake viendeshi vya mfuatano vina msimamizi wao. Kila kiraka hubeba tamko la jina la mwandishi, utaratibu ulioanza mwaka 2004, linalothibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya kiini. Mwajiri anayemzuia mhandisi kutoa tamko hilo anauzuia mchango mzima.

Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Kiraka cha namba za modemu hakilazimiki kusubiri watumiaji wahamie toleo hilo, kwa kuwa kanuni za matawi thabiti zinaruhusu waziwazi kuongezwa kwa namba mpya za vifaa. Mstari mmoja ulioandikwa Bujumbura unaweza hivyo kufika katika bodi zinazotumia matawi ya zamani yanayoendelea kutunzwa, popote zilipo.

Faida kubwa zaidi huonekana baadaye. Linux huzilinda programu za watumiaji zisivunjwe na matoleo mapya, lakini haitoi ahadi hiyo kwa violesura vya ndani vinavyotumiwa na viendeshi. Anayebadilisha kiolesura cha ndani hulazimika kurekebisha viendeshi vyote vilivyomo katika kiini rasmi. Vilivyo nje havimhusu. Mwenye kiendeshi cha nje ana njia mbili: kukirekebisha mwenyewe bila kukoma, au kubaki na kiini cha zamani. Watengenezaji wengi wa bodi za bei nafuu huchagua ya pili. Huuza bodi yenye kiini kilichoganda katika toleo la siku ya mauzo, na kila ufa wa usalama unaogunduliwa baadaye hubaki wazi katika mita, vituo na mashine za wanunuzi.

7.0 Mazingatio ya sera

Jambo la kwanza ni ununuzi. Zabuni za vifaa vya umma hutaja kasi ya kichakataji na ukubwa wa kumbukumbu, mara chache hutaja kiini. Inapendekezwa kwamba zabuni ya bodi pachikwa idai ushahidi kwamba bodi huwaka na milango yake ya USB hufanya kazi kwa kiini rasmi kisichobadilishwa. Pale ambapo haiwezekani, muuzaji akabidhi msimbo kamili wa kiini alichosakinisha. Huo hautakuwa upendeleo wowote: leseni ya GPL tayari inamtaka anayesambaza programu iliyoundwa atoe msimbo wake, au ahadi ya maandishi ya kuutoa. Kinachokosekana ni mnunuzi anayeudai.

Pili ni daftari la vifaa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Taasisi inayomiliki vituo itunze, kwa kila kituo, namba za mtengenezaji na bidhaa za vifaa vya USB kabla na baada ya kugeuka, toleo la kiini, na viraka vilivyoongezwa. Kila sasisho lijaribiwe kwanza katika kituo kimoja cha mezani chenye vifaa vile vile. Gharama ya meza hiyo ni ndogo kuliko safari ya kukizungukia kila kituo kilichonyamaza.

Tatu ni watengenezaji wa ndani. Kifaa cha BRCK, kilichobuniwa Nairobi na kuchangiwa na umma mwaka 2013, kilionyesha kwamba ukanda huu unaweza kubuni maunzi ya mawasiliano. Anayebuni kifaa cha USB huhitaji namba ya mtengenezaji, nayo hutolewa na jumuiya ya USB-IF kwa ada ya maelfu ya dola za Marekani. Kwa miradi huria kuna mpango wa pid.codes, unaogawa bila malipo namba za bidhaa chini ya namba ya mtengenezaji 1209. Vyuo vyetu vinaweza kuutumia kwa vifaa vya utafiti, na kwa vifaa vya biashara serikali zinaweza kufikiria namna ya kuwapunguzia vijana mzigo wa ada.

Nne ni lugha. Mhandisi wa Bujumbura kwa kawaida amesomea ufundi kwa Kifaransa, na nyaraka za kiini zimeandikwa kwa Kiingereza. Wenzake wa Kigoma, Uvira na Mombasa wanakabili modemu zile zile, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Msimbo wa Linux una saraka ya tafsiri za nyaraka zake, zikiwemo za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili hakimo. Kutafsiri mwongozo wa kutuma kiraka ni kazi ambayo idara moja ya Kiswahili na moja ya kompyuta zinaweza kuikamilisha kwa pamoja, na mchango huo ungepita katika njia ile ile ya viraka iliyoelezwa hapo juu. Istilahi zilizopendekezwa katika sehemu ya 2.0 zingepata mahali pa kupimwa kwa matumizi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kifaa cha USB kinaponyamaza katika bodi pachikwa, chanzo kinaweza kuwa modemu ambayo haijageuka, namba isiyomo katika orodha ya kiendeshi, tawi lililokosewa katika mti wa vifaa, au umeme usiotosha. Kila chanzo kina tabaka lake na dawa yake, na marekebisho mengi ni mafupi. Kinachotofautisha mradi unaodumu na unaokufa ni mahali marekebisho hayo yanapohifadhiwa. Yakibaki katika kompyuta ya fundi mmoja, huondoka naye. Yakiingia katika kiini rasmi, hutunzwa na jumuiya nzima. Taasisi zinazofadhili na kununua vituo vya kupimia zinashauriwa kuhesabu kazi hiyo ya mwisho kuwa sehemu ya mradi, kuipangia muda na bajeti tangu mwanzo, na kutokipokea kituo kama kilichokamilika kabla viraka vyake havijatumwa.